Baridi ya Maji na Jaketi la Kuokoa Maisha



Usiku wa tarehe 14 Aprili, 1912, yapata saa tano na dakika 40, meli kubwa ya Waingereza iitwayo Titanic iligonga mlima wa barafu katika Bahari ya Atlantiki ya kaskazini. Saa nane na dakika 20 za usiku huo huo ilikuwa imekwisha kuzama. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi, lakini liko jambo moja ndani yake ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio. Bahari usiku ule ilikuwa shwari kabisa, haina wimbi wala upepo. Tena watu wengi walioingia majini walikuwa wamevaa majaketi ya kuokoa maisha, na majaketi yale hayakuwaangusha. Meli zilizotumwa siku zilizofuata kuokota maiti ziliwakuta wengi wakielea wima, wamevaa majaketi yao, vichwa vikiwa juu ya maji.

Basi, kama bahari ilikuwa shwari na watu walikuwa wakielea, ni kitu gani kilichowaua?

Ni baridi. Maji ya mahali pale yalikuwa chini ya sifuri kwa digrii mbili hivi za sentigredi, maana maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji ya mtoni. Meli iliyokuja kuwaokoa, Carpathia, ilifika karibu na saa kumi ya alfajiri. Wale waliokuwa katika mashua waliokolewa. Wale waliokuwa majini, karibu wote, sauti zao zilikuwa zimenyamaza zamani, kabla saa moja haijapita tangu meli ilipozama.

Mvuvi wa Homa Bay au nahodha wa Lamu akisikia habari hii huenda akasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, na maji yake yeye hayana barafu. Ni kweli, hayana. Lakini baridi ya maji haihitaji barafu, na jaketi alionalo chini ya benchi ya mashua halikutengenezwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Yafaa jambo hili lielezwe polepole, toka mwanzo wake.

Mwili wa binadamu mwenye afya una joto la digrii 37 hivi. Joto hilo hutoka katika chakula, nao mwili hulilinda kwa bidii kuliko bahili alindavyo fedha yake. Mtu akisimama katika hewa ya baridi, joto humtoka kidogo kidogo. Akiingia katika maji yenye baridi ile ile, joto humtoka upesi zaidi, kiasi cha mara 25. Kila mama aliyepata kupoza uji wa mtoto alijua jambo hili bila kufundishwa: bakuli likiachwa mezani hukaa na moto wake muda mrefu, lakini likiwekwa ndani ya beseni la maji, mara moja uji umepoa. Mtu aliyeanguka majini ni kama bakuli lile.

Hata hivyo si sahihi kudhani kwamba mtu huganda mara tu aingiapo majini. Hili ndilo kosa kubwa la watu, nalo limewaua wengi kwa kuwakatisha tamaa bure. Hata katika maji ya barafu, mtu mzima huchukua nusu saa au zaidi kabla damu ya moyoni haijapoa kiasi cha kuleta hatari. Wale wafao katika dakika za kwanza hufa kwa sababu nyingine, na sababu hiyo yastahili kuangaliwa sana.

Ngozi ikiguswa ghafula na maji ya baridi, yaani maji yaliyo chini ya digrii 15 hivi, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila hiari yake. Hawezi kuizuia, hata akiwa hodari namna gani. Baada ya hapo hupumua haraka haraka kama mtu aliyekimbizwa na simba. Moyo hupiga mbio, na mishipa ya damu hukazwa. Ikiwa pumzi ile ya kwanza ilivutwa wakati kichwa kiko chini ya maji, kinachoingia mapafuni si hewa bali ni maji, na mambo yamekwisha hapo hapo. Mtu awezaye kuzuia pumzi yake kwa dakika nzima akiwa nchi kavu, katika maji kama hayo huweza sekunde chache tu. Ndiyo maana mwogeleaji hodari huanguka kutoka mashuani karibu na nchi, wenzake wakamwona akizama kama jiwe, wakasema amevutwa na jini au na mamba. Wala hakuvutwa na kitu. Ni pumzi yake iliyomsaliti.

Mshtuko huo hupungua baada ya dakika moja au mbili. Mtu akiweza kuzivuka dakika hizo kichwa chake kikiwa juu ya maji, pumzi hurudi, na akili hurudi pamoja nayo. Wahenga walisema kwamba mfa maji haachi kutapatapa, nao walisema kweli kwa jinsi walivyoona. Lakini atapatapaye katika dakika ya kwanza ndiye afaye. Anayejilaza chali, akanyosha mikono na kungoja mpaka pumzi itulie, huyo ana nafasi. Na aliyevaa jaketi hana haja ya kukumbuka lolote: jaketi humkumbukia.

Halafu baridi huenda kwenye mikono na miguu. Mwili, kwa kuwa unataka kuulinda moyo na ubongo, huziondoa damu pembeni na kuziita katikati, kama mzee wa mji awaitavyo watu ndani ya boma wakati wa vita. Vidole huwa vizito. Mtu hawezi kushika kamba aliyotupiwa, hawezi kufunga kifungo wala kupuliza filimbi aliyo nayo. Aliyekuwa akiogelea vizuri huona miguu yake inashuka, mwili unasimama wima majini, na kila pigo la mkono halimpeleki mbele. Ndipo azamapo, ijapokuwa mwili wake bado una joto la kutosha kuishi. Hapa tena jaketi ndilo linalotenganisha uzima na mauti, kwa kuwa halihitaji mikono ya mtu ili kufanya kazi yake.

Mwisho huja kule kupozwa kwa mwili wenyewe, ambako madaktari hukuita haipothemia. Joto la ndani likishuka chini ya digrii 35, mtu hutetemeka sana, husema maneno yasiyoeleweka, husahau alipo. Likishuka zaidi, kutetemeka hukoma. Watazamaji wasiojua hufurahi wakidhani amepata nafuu. Kumbe hiyo ni dalili mbaya, maana mwili umeishiwa kuni za kuwashia moto.

Daktari mmoja wa Canada, Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye kwa ajili ya uchunguzi wake amejiingiza mwenyewe katika maji ya barafu mara nyingi, aliyaweka mambo haya kwa hesabu iliyo rahisi kukumbukwa: moja, kumi, moja. Katika maji ya baridi kali mtu ana dakika moja ya kuituliza pumzi yake, dakika kumi za kufanya kazi yenye maana kwa mikono yake, na saa moja kabla ya kuzimia. Hesabu hiyo si sheria ya chuma, kwa kuwa watu hawalingani kwa unene wala kwa mavazi, na maji hayalingani kwa baridi. Lakini ni hesabu njema, kwani humwonyesha mtu kwamba ana muda kuliko adhanivyo.

Sasa yafaa kuirudia ile hoja ya nahodha wa maji ya joto.

Mwezi Desemba mwaka 1963 meli ya abiria ya Kigiriki, jina lake Lakonia, ilitoka Southampton kuwapeleka watu matembezini kwa sikukuu ya Krismasi. Usiku wa tarehe 22 ilishika moto kaskazini ya kisiwa cha Madeira. Watu 128 walikufa. Baadhi yao waliuawa na moto wenyewe, lakini wengi walikufa baada ya kuingia majini, na miongoni mwao walikuwamo waliovaa majaketi. Maji yale hayakuwa ya barafu asilani. Yalikuwa na digrii 18 hivi. Mto mwingi ushukao kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ambamo samaki aina ya trauti hustawi kwa sababu hapendi maji ya joto, ni wa baridi kuliko bahari ile.

Mwingereza mmoja, Daktari William Keatinge, aliichunguza habari ya Lakonia na kuiandika mwaka 1965. Alionyesha kwamba baridi ndiyo iliyokuwa muuaji mkubwa. Tena katika uchunguzi wake alipata jambo lililopingana na mafundisho ya mabaharia wa zamani. Zamani mabaharia waliambiwa: mkianguka majini, vueni nguo msielemewe, kisha ogeleeni kwa nguvu ili mpate joto. Keatinge aliwaweka watu majini akawapima, akaona kwamba ni kinyume. Mtu aliyekaa na nguo zake zote hupoa polepole, kwa kuwa nguo huyazuia maji yaliyo karibu na ngozi yasitembee. Na mtu aogeleaye katika maji ya baridi hupoa upesi kuliko aliyetulia, maana kila ajitikisapo huyafukuza yale maji machache aliyokwisha kuyapasha joto, akaleta mengine mapya ya baridi, na damu yake huenda mikononi na miguuni kupoteza joto huko. Kwa hiyo, mwenye jaketi na atulie. Avae kila alicho nacho, hata kofia.

Wako watu wachache wenye maumbile ya peke yao. Mwezi Machi mwaka 1984 mashua ya wavuvi ilipinduka karibu na visiwa vya Vestmannaeyjar, katika nchi ya Iceland. Watu walikuwa watano. Mmoja wao, kijana Guðlaugur Friðþórsson, aliogelea usiku kucha, yapata saa tano au sita, katika maji yenye digrii tano au sita, akafika nchi kavu. Kisha akatembea bila viatu juu ya mawe makali ya volkano hata akafika mjini. Wenzake wanne walikufa. Madaktari walipompima baadaye, Keatinge akiwa miongoni mwao, waliona mafuta yaliyo chini ya ngozi yake ni mazito kuliko ya watu wengi, karibu yafanane na ya mnyama wa bahari aitwaye sili. Habari hiyo ni ya ajabu, nayo imefanywa hata sinema. Lakini anayeisikia akajitumainia nguvu zake mwenyewe, na azihesabu pia roho za wale wanne.

Jaketi la kuokoa maisha halikuanza jana. Mwaka 1854 afisa mmoja wa chama cha Waingereza cha kuokoa watu baharini, Kapteni Ward, alitengeneza jaketi la gamba jepesi la mti, lile lifanyalo vizibo vya chupa. Wengi hawakulipenda, wakasema ni zito na linawazuia kupiga makasia. Tarehe 9 Februari, 1861, katika mji wa Whitby, tufani ilizivunja meli nyingi pwani, na mashua ya waokoaji ikatoka mara kwa mara kuwatoa watu. Mara ya mwisho ilipinduka ikiwa na watu 13. Kumi na wawili wakafa mbele ya macho ya watu wa mji wao. Aliyepona alikuwa mmoja, Henry Freeman, na yeye ndiye aliyekuwa amevaa jaketi lile jipya. Baada ya siku hiyo hapakuwa na haja ya maneno mengi.

Mwaka 1904 chama hicho kilianza kutumia sufi badala ya gamba la mti. Ni sufi ile ile ambayo watu wa pwani huijazia mito na magodoro yao. Sufi ina mafuta ya asili yanayoyakataa maji, na ndani ya kila unyuzi imo hewa. Lakini ina kasoro zake: ikilowa mafuta ya mashine hupoteza nguvu, na mfuko wake ukitoboka maji huingia polepole. Majaketi ya siku hizi yana sponji ngumu isiyonywa maji, au ni ya kupulizwa kwa hewa iliyofungwa katika kichupa cha chuma.

Katika Vita Kuu ya Pili kulitokea swali gumu. Marubani wa Kiingereza walioanguka baharini walikutwa wamekufa huku jaketi zao zikielea vizuri, uso ukiwa umeinamia maji. Jaketi liliinua mwili, lakini halikumgeuza mtu aliyezimia. Ni nani awezaye kulijaribu jaketi kwa mtu aliyezimia? Daktari Edgar Pask alijitoa mwenyewe. Alilazwa usingizi kwa dawa ya wapasuaji, akatupwa majini hali hajijui, jaketi moja baada ya jingine, wenzake wakitazama lipi litakalomgeuza uso juu na lipi litakalomwacha kufa. Walifanya hivyo mara nyingi, naye aliugua kwa sababu ya majaribio hayo. Alifariki mwaka 1966. Kila jaketi lenye ukosi mnene wa nyuma ya kichwa na uzito wa kuelea kifuani lina deni kwa mtu yule.

Kutokana na hayo yapasa kujua kwamba majaketi si mamoja. Yako yale membamba, ya kumsaidia mwogeleaji aliye macho karibu na ufuko. Na yako makubwa, yenye ukosi, ya kumgeuza aliyezimia. Avukaye ziwa usiku achague la pili. Mtungi mtupu wa plastiki wa lita 20, uliozibwa vizuri, waweza kubeba kilo 19 hivi majini, na mvuvi asiye na fedha aliyeufunga kwa kamba karibu naye amefanya jambo la akili kuliko asiye na kitu. Lakini mtungi wataka kushikwa, na imekwisha elezwa jinsi baridi iifanyavyo mikono.

Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto. Hupanda likatoka kichwani, mtoto akashuka chini. Liwe la uzito wake, na kamba ipitayo katikati ya miguu ifungwe. Njia ya kulijaribu ni nyepesi: mtu avae, afunge kila kifungo, kisha mwenzake amwinue kwa mabega ya jaketi. Likipanda mpaka puani, ni kubwa mno. Lisikaliwe kama mto, maana sponji hubonyea ikafa. Lisianikwe juani kila siku wala karibu na moto. La kupulizwa litazamwe kichupa chake kabla ya safari, kwa kuwa kikitumika mara moja kimekwisha.

Na la kupulizwa lisipulizwe ndani ya chumba. Tarehe 23 Novemba, 1996, ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikielekea Nairobi ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta, ikaangukia baharini karibu na kisiwa cha Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walikufa. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuyajaza hewa majaketi yao wakiwa ndani. Maji yalipoingia majaketi yaliwainua mpaka darini, wasiweze kupiga mbizi kuutafuta mlango. Vivyo hivyo ndani ya kivuko: jaketi la kupulizwa livaliwe mapema, lipulizwe nje.

Neno hilo la mapema ndilo zito kuliko yote. Tarehe 29 Aprili, 1994, kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka mita chache tu kutoka nchi kavu, na watu 272 wakafa. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228, na waliookolewa 41. Ilikuwa siku ya soko, watu wanarudi makwao na mizigo yao, nyumba zao zikionekana. Hakuna aliyepata nafasi ya kuinama chini ya benchi na kutafuta jaketi, kulifungua na kumvisha mtoto. Chombo kilichozidishwa mzigo hakitoi taarifa. Huegemea upande mmoja, watu wakakimbilia upande wa pili, na shughuli imekwisha.

Maji ya Ziwa Victoria ni ya digrii 24 hadi 27 hivi. Hayaleti ule mshtuko mkali wa pumzi, na mtu aweza kuishi humo saa nyingi. Lakini nayo yako chini ya joto la mwili, kwa hiyo huendelea kunyonya, saa baada ya saa. Mashua ikipinduka saa mbili za usiku kwa tufani ya kusi au ya mvua ya mawe, na wavuvi wasionekane mpaka asubuhi, ni saa kumi na zaidi za kupozwa, kumezeshwa maji na mawimbi, na kuchoka. Aliyefungwa jaketi huweza kulala kidogo na kuamka. Asiye nalo hawezi kusinzia hata mara moja.

Tena chombo kikipinduka, mtu asikiache. Mashua ya mbao haizami kabisa. Hulala mgongo juu. Nchi ionekanayo karibu machoni ya mtu aliye majini huwa mbali kuliko ionekanavyo, na wengi waliokufa katika maziwa yetu ni wale walioamua kuogelea wakiwaacha wenzao juu ya mkuku. Tena waokoaji huona mashua kabla ya kuona kichwa cha mtu. Na wapande juu yake kadiri iwezekanavyo, hata kama upepo wa juu wahisiwa kuwa wa baridi kuliko maji; hisia hiyo hudanganya. Wasioweza kupanda, ikiwa wana majaketi, wakusanyike kifua kwa kifua, watoto wakiwa katikati. Aliye peke yake akunje magoti mpaka kifuani na kuibana mikono ubavuni, maana joto hutoka sana katika kwapa, kinena, shingo na kichwa.

Waliobaki nchi kavu nao wana kazi yao, na kwa kutokujua huweza kumwua waliyemwokoa. Mtu aliyepozwa sana asitolewe majini wima kama gunia, bali ainuliwe amelala, ikiwezekana kwa nyavu au tanga. Maji yalikuwa yakiibana miguu yake na kuisaidia damu kupanda; akisimamishwa ghafula, damu hushuka yote, moyo ukakosa cha kupiga. Asitembezwe. Asisuguliwe mikono wala miguu. Pombe ni sumu kwake, kwa kuwa huifungua mishipa ya ngozini na kulitoa nje lile joto dogo lililobaki. Avuliwe nguo za maji taratibu, akaushwe, afunikwe blanketi pamoja na kichwa, na mtu mwenye joto alale naye ndani ya blanketi hilo. Akiwa macho kabisa na kumeza vizuri, apewe chai yenye sukari, yenye uvuguvugu.

Asiyepumua apuliziwe pumzi kinywani mara moja, tano za kwanza, kisha kifua kikandamizwe, naye mwingine akimbilie msaada. Ile desturi ya kumning'iniza miguu juu au kumkanyaga tumbo ili atapike maji ni ya kuachwa. Hutoa maji ya tumboni, ambayo hayakuwa na neno, na kupoteza dakika zilizokuwa na neno sana.

Wala wasifanye haraka kusema kwamba aliyepozwa amekwisha kufa. Mwili uliopoa sana huwa kama umekufa: ngozi ya kijivu, mapigo hayasikiki, macho hayasogei. Lakini baridi ile ile iliyomuumiza huufanya ubongo uhitaji hewa kidogo tu. Tarehe 20 Mei, 1999, daktari kijana wa Kiswidi, Anna Bågenholm, alianguka katika kijito karibu na mji wa Narvik, Norway, akakwama chini ya barafu muda wa dakika 80. Alipofikishwa hospitali ya Tromsø kwa helikopta joto lake la ndani lilikuwa digrii 13.7, na moyo wake haukuwa ukipiga. Wenzake walikuwa wamemkanda kifua njia nzima bila kukoma. Madaktari waliipitisha damu yake katika mashine, wakaipasha joto polepole, na usiku ule wa kaskazini ambao hauna giza, moyo ulianza kupiga. Ilimchukua miezi mingi kupata nguvu za mikono yake. Baadaye alirudi kazini, akafanya udaktari katika hospitali ile ile iliyomfufua.